Laini ya Iringa

Jumatatu, 3 Machi 1975

Nimeamua. Pasaka hii siendi Kirua kwa mama. Naenda Iringa!

Naandika ili nisirudi nyuma. Miaka thelathini na sita, na sijawahi kupita Korogwe. Leo asubuhi simu zilipopungua, Melkior akaniuliza tena kutoka kwenye swichibodi yake ya Iringa, nami nikiunganisha simu kwenye yangu hapa posta ya Moshi: lini utakuja uone Iringa? Siku zote nacheka. Leo sikucheka. Nikasema Pasaka. Akanyamaza — nikadhani Dar, laini inakopitia, wametukata. Kisha akasema, karibu sana, Epi.

Hakuna mwingine anayeniita Epi.

Miaka mitatu tunaongea hivi, dakika mbili mbili, katikati ya simu za watu. Uso wake siujui. Najua akipiga chafya hupiga mbili, na kwamba sauti yake ni nzito mpaka anywe chai. Ni mtu wa Marangu, alihamishiwa kule kikazi. Tukibaki wawili kwenye laini tunaingiza Kichagga, tunacheka. Aliwahi kuniambia: huko nyumbani sina mtu ila mama.

Alhamisi, 6 Machi

Mipango. Treni hapana, inazunguka mno. Basi mpaka Morogoro, kulala, kesho yake Iringa. Melkior anasema hosteli ya misheni ni nafuu kuliko gesti yoyote, na masista hawana maswali mengi. Ataniwekea nafasi. Chakula nitabeba: mayai ya kuchemsha, ndizi za kuchoma, chai kwenye flaski. Natoka Alhamisi Kuu, narudi Jumanne. Siku chache tu za kuwa mahali ambapo siitwi yule dada wa simu ambaye hajaolewa.

Martha, tunayekaa naye pamoja kwenye swichibodi, amesema twende wote. Chumba tutagawana. Tumekata tiketi zote mbili mchana huu huu. Nimefurahi. Nimehuzunika kidogo pia. Sijui kwa nini — najua.

Jumapili, 9 Machi

Nimepanda Kirua kumwambia mama. Mvua zimeanza, njia ya kihambani, katikati ya migomba, ni matope matupu. Amenipikia kiburu, ndizi na maharage, amenisikiliza mpaka mwisho. Iringa kuna nani? Nikasema ni mapumziko tu, mama. Akasema watu hupumzika kwao. Halafu, akiwa anakoroga maziwa, akasema kaka zangu wanakuja wote na watoto, chumba changu ameshawapa watoto. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anapanga tu.

Nimeshuka kwa miguu mpaka barabara kubwa.

Ijumaa, 14 Machi

Martha haendi. Mchumba wake amepata likizo. Akanishika mkono: pole, Epifania, lakini wewe si umezoea kuwa peke yako? Ndiyo. Nimezoea.

Likizo imekubaliwa. Mzee Eliezeri, msimamizi wetu, ametia sahihi bila kuinua kichwa. Nilikuwa nimeandaa sababu tatu. Hakuuliza hata moja.

Fundi ananishonea gauni la bluu. Melkior atanipokea stendi — shati jeupe, gazeti kwapani.

Jumanne, 18 Machi

Nianzie wapi?

Saa nne karani wa kaunta ameleta karatasi. Mteja anaomba Iringa, anamtaka Melkior wa chumba cha simu. Mteja: Digna, wa Marangu. Nikadhani ni dada yake. Nikachungulia mlangoni. Mwanamke wa umri wangu, amekaa benchini na kikapu. Amevua viatu, anavifuta matope kwa kipande cha gazeti ili asichafue sakafu ya posta.

Nikapata Iringa. Melkior aliposikia ni mimi akacheka. Nikasema kuna mtu wako hapa, Digna wa Marangu.

Kicheko kikakatika. Na safari hii haikuwa Dar.

— Mwambie laini ni mbovu.

— Ni nani huyo?

— Nitakueleza ukija, Epi. Mwambie tu laini ni mbovu.

Miaka kumi na minne katika kazi hii! Wateja nimewagombeza, nimewacheleweshea simu zao. Sijawahi kumdanganya hata mmoja. Ningeweza kumtuma karani. Nikatoka mwenyewe, nikasema: samahani dada, laini ya Iringa ni mbovu leo. Akasimama kunisikiliza, kama mtu anayepewa heshima.

— Asante, dada. Itapona lini?

Itapona. Kama mgonjwa.

Nikamuuliza, huyo ni ndugu yako? Akasema ni mume wangu. Mama yake siku ya nne hali kitu, anamtaja yeye tu.

Nikarudi ndani. Taa zote kwenye swichibodi zinawaka, watu wanaita kutoka Same, kutoka Arusha. Martha akauliza kama naumwa. Nikasema ni kichwa.

Jumatano, 19 Machi

Amekuja tena. Ametoka Marangu na gari la kwanza. Melkior, nilipompata: bado, Epi, bado. Nikatoka nikasema bado.

Ameingiza mkono kikapuni akanipa maparachichi mawili. Eti tunahangaika sana na hizo nyaya. Nimeyapokea! Kwa mkono wangu huu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemuuliza Melkior. Amekubali yote, bila kubisha. Ndoa ya kanisani, mwaka wa tisa huu. Hawakujaliwa mtoto, na maneno ya nyumbani yakazidi, mezani, kisimani, kila mahali. Uhamisho ulipotokea akashukuru. Kuandika aliacha tangu mwaka juzi. Digna hana ubaya, amesema. Hana ubaya wowote. Ndiyo maana, anasema, siwezi kusikia sauti yake.

Nikasema mama yako hali chakula. Akajibu: wewe njoo tu, Epi. Tutaongea uso kwa uso.

Nimechukua gauni kwa fundi. Limenikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa. Nimesimama nalo mbele ya kioo muda mrefu.

Na bado nataka kwenda. Naliandika hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma.

Jumapili ya Matawi, 23 Machi

Kanisani. Sikupokea komunyo. Majirani wa benchi walinipisha, nikatikisa kichwa.

Jumatatu, 24 Machi

Digna amekuja mara ya tatu. Amekonda, au ni macho yangu. Ameniamkia kama tunafahamiana. Amemwacha mama mkwe kwa jirani.

Nikaita Iringa. Melkior akapokea. Habari yako Epi, gauni limekwisha? Nikasema, kuna simu yako kutoka Moshi. Nikachomeka waya. Nikampa Digna ishara aingie kibanda cha pili.

Nilipaswa kuvua vile vyombo vya masikioni, nisisikie ya watu. Sikuvua.

Amesema: Melkior, ni mimi. Nikawa nasikia pumzi za watu wawili. Akamweleza habari za mama. Taratibu, bila kulia, bila kulaumu. Mama amekula uji kidogo jana. Ng'ombe amezaa. Paa la jikoni limerekebishwa. Vitu vya miaka miwili alivieleza haraka haraka, kama anayepakia mizigo na gari linaondoka. Melkior akajibu: nitakuja. Lini? Nikipata ruhusa. Halafu laini ikakatika. Ilikatwa kule, naijua sauti ya kukatwa.

Digna akatoka kibandani anang'aa.

— Imekatika tena, dada, lakini nimemsikia! Amesema atakuja.

Angeondoka hivyo hivyo na furaha yake. Angekaa Marangu akingoja, na mimi Ijumaa ningekuwa stendi ya Iringa na gauni la bluu.

Nikasema: hatakuja. Nikasema: mimi naenda Iringa Alhamisi, tiketi ya Martha ipo. Twende.

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Amenitazama. Hakuuliza nimejuaje kwamba hatakuja. Ameuliza tu basi linaondoka saa ngapi.

Jumatano, 26 Machi

Nimekaa na mashine siku nzima. Iringa imeita mara tano kwa shughuli za watu, mara zote ni Melkior. Nimeunganisha, nimesema asante. Mara ya mwisho akauliza, kesho unatoka? Nikasema natoka. Akasema atakuwa stendi Ijumaa mapema. Sikumwambia.

Gauni nimeliweka chini kabisa ya begi. Nimelitoa. Nimelirudisha.

Alhamisi Kuu, 27 Machi. Korogwe

Basi limesimama, dereva anakula. Naandika juu ya goti.

Digna amekaa dirishani tangu Moshi. Hajawahi kufika Same, kila kitu anashangaa — mkonge, milima ya Upare, mbuzi barabarani. Dada wa Melkior, aliyeolewa mbali, amekuja kukaa na mama yao. Digna amevaa nguo ya kanisani na juu yake sweta, kwa sababu amesikia Iringa kuna baridi. Tumekula mayai yangu na ndizi zake. Karibu na Mombo amesinzia, kichwa kikaniangukia begani. Sikusogea. Sikumbuki lini mtu alilala begani kwangu.

Alipoamka akauliza kama Melkior amenenepa. Nikasema sijawahi kumwona, namsikia sauti tu.

— Kila siku?

— Karibu kila siku.

Akafikiri. Akasema: basi sasa wewe unamjua kuliko mimi. Akasema bila wivu, na hilo ndilo lililonichoma.

Kesho Melkior atakuwa stendi na shati jeupe, akingoja mtu mmoja ambaye hajawahi kumwona. Tutashuka wawili.

Basi lilipokuwa linaingia hapa, Digna akanigeukia.

— Na wewe, dada Epifania, huko Iringa una nani?

Utingo akapiga kelele Korogwe, Korogwe, watu wakasimama wote kwa pamoja. Nikasema nisubiri, naenda choo. Sikwenda choo. Nimekaa nyuma ya basi, kwenye jiwe.

Namwona kutoka hapa. Yuko kwa muuza machungwa, anachagua, anayabonyeza moja moja. Amelipa. Sasa ananitafuta, anazunguka basi upande wa dereva. Ameniona — anapunga mkono.

Anakuja. Machungwa mawili. Langu ameshalimenya.