Nilichagua Radi

Jumapili, 9 Machi

Leo nimeitengeneza kompyuta ya mpwa wangu. Peke yangu! Bila fundi, bila kitabu, na chai sijanywa.

Ilianzia mezani jana. Mpwa alisema kompyuta yake inachukua dakika nzima kuwaka. Hakulalamika, alisema tu. Nikamwambia, mwanangu, mimi niliamsha jenereta la kiwanda kizima kwa kofi moja, hicho kisanduku kitanishinda? Dada akacheka hadi akapaliwa. Eti redio yake niliifungua nikaifunga, na skrubu zikabaki mezani. Skrubu mbili tu! Na redio inasema mpaka leo. Stesheni moja, lakini inasema.

Mpwa akanisihi: Mjomba, dakika moja hainisumbui, tafadhali usiiguse.

Usiiguse. Mimi!

Leo wametoka wote. Nikaiwasha, nikabonyeza kitufe cha F2 mfululizo mpaka ikanifungulia bayosi. Hiyo ni programu ya ndani kabisa, inaamka kabla ya kompyuta yenyewe kuamka, kama mama mwenye nyumba. Ikauliza kama nataka toleo jipya. Nani anakataa kipya? Ikajizima, ikajiwasha, safi.

Nikahamia kwenye diski. Palikuwa na maneno mawili ya kuchagua. AHCI na RAID. Tiki ilikuwa kwenye AHCI. Hilo si neno, hiyo ni chafya! La pili nikalitambua papo hapo — radi. Herufi zimepishana kidogo, walioandika hawajui kuandika. Na ni nani asiyejua kasi ya radi?

Nikachagua radi. Nikahifadhi.

Ikawaka kwa dakika nne. Ugeni tu huo. Inajizoeza.

Jumatatu, 10 Machi

Dakika kumi na moja.

Nilikuwa jikoni, nikamsikia mpwa akiita mama yake: njoo uone, kiduara kinazunguka tu. Nikaja na kikombe mkononi, nikainama kama daktari. Nikasema ni umeme. Umeme wa siku hizi mwembamba. Sijui kwa nini nilisema hivyo! Mdomo ulitangulia.

Kazi yake ni kunukuu mikutano ya watu. Anasikiliza sauti, anaandika neno kwa neno. Wamempa wiki mbili za majaribio, na hii ndiyo ya mwisho. Saa mbili kamili asubuhi awe ameshaingia kwenye mtambo wao. Ukichelewa mara tatu, kwaheri. Leo ameingia saa mbili na dakika nne. Moja hiyo.

Dada hawezi tena kushona, macho yamekataa. Mimi kazi yangu — basi, tuache. Nyumba hii sasa inasimama kwa vidole vya huyu binti.

Mchana alipoenda kuoga nikarudi kwenye bayosi. Nikaona tiki kwenye neno la Kiingereza lenye maana ya kuwasha haraka. Nikajipiga paji la uso. Kumbe inakimbia mpaka inajikwaa! Haraka haraka haina baraka, hata mtoto wa chekechea anajua. Nikaitoa tiki.

Jumanne, 11 Machi

Dakika ishirini na sita. Nimehesabu kwa saa ya ukutani.

Lakini leo hakuchelewa! Niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikaiwasha mwenyewe, nikakaa mbele yake kama nachunga maziwa yasifurike. Kuiacha ikiwaka usiku haiwezekani. Dada huzima swichi ya sebuleni kila anapoenda kulala, anaogopa moto.

Mpwa alipotoka chumbani akakuta tayari. Akanishika bega. Mjomba, umeamka kwa ajili yangu? Halafu akamwambia mama yake, unaona, wewe humsema tu mdogo wako.

Nikainuka kwenda kuosha kikombe, chai ikiwa bado imo.

Jumatano, 12 Machi

Umeme ulikatika saa moja na nusu. Dakika mbili tu, ukarudi, na kompyuta ikaanza upya. Safari hii umeme kweli! Na sasa hakuna wa kumlaumu, maana nilishautumia.

Dakika thelathini na nane. Ameingia saa mbili na dakika kumi. Ya pili hiyo.

Hakulia. Afadhali angelia. Alikaa mikono mapajani akitazama kile kiduara, na mimi nimesimama nyuma yake. Nikaipiga kofi upande wa kulia, taratibu. Akanigeukia. Mjomba, hiyo si jenereta.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Lile jenereta la kiwanda halikuamka kwa kofi langu. Fundi alikuwa ameshalitengeneza, amekwenda kunawa mikono. Mimi nilikuwa mlinzi. Nilipiga kofi nikiondoa vumbi, nalo likawaka lenyewe. Watu wakapiga makofi. Ningefanyaje?

Alhamisi, 13 Machi

Nimeingia tena bayosi. Nilitaka kurudisha vyote. Kumbe lile toleo jipya lina sura nyingine, kurasa zimehamahama, kila nilipofungua palikuwa na orodha mpya. Nimegusa vitatu. Au vinne. Viwili nimeviandika hapa, pembeni. Hivyo vingine sikumbuki. Nikaizima, nikanyata kama mwizi wa kuku.

Dakika hamsini na moja leo. Niliamka saa tisa na nusu.

Dada ananitazama kwa pembeni. Kaniuliza mbona siku hizi sisimulii hadithi.

Ijumaa, 14 Machi

Saa kumi na mbili na nusu. Kiduara kimeacha kuzunguka. Skrini nyeusi, maandishi meupe, inasema haioni diski.

Haioni! Na kazi yote ya wiki iko humo, mikutano sita, hajaituma. Mwisho ni leo saa mbili.

Mpwa kampigia fundi wa kompyuta, kamweka kwenye spika. Sauti ya mtu asiye na haraka. Kauliza, nani aliingia kwenye bayosi? Mpwa akasema hakuna. Fundi akacheka kidogo. Binti, bayosi haijiingii yenyewe. Akasema faili huenda zipo salama, lakini msibonyeze chochote. Anakuja, yuko njiani. Anachotaka ni kitu kimoja tu: ajue ilikuwaje mwanzo na kimebadilishwa nini, siku gani, kwa mpangilio. Akipewa hivyo, robo saa inatosha. Asipopewa atabahatisha, na diski si kitu cha kubahatisha. Mtu akikosea hapo inajifuta yote.

Nilikuwa mlangoni. Nikasema ni ule umeme wa Jumatano. Nimesema tena! Mungu wangu.

Mpwa akakata simu. Hakunitazama. Akasema, kama kuna mtu humu ndani aligusa, aandike kwenye karatasi aiweke mezani. Sitauliza ni nani.

Tuko watatu. Mmoja hajui kuiwasha. Mmoja ndiye mwenyewe.

Saa moja na dakika tano. Nimekaa kitandani na karatasi tupu. Nimejaribu kuandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane. Upuuzi! Na vingine navijua kwa kufunua hili daftari tu. Nikinakili vibaya herufi moja? Mimi niliyesoma RAID nikaona radi?

Nimefikiri kuchana ukurasa wa Jumapili nimpe huo peke yake. Nyuma yake kuna Jumatatu. Nyuma ya Jumatano kuna Alhamisi. Karatasi moja ina uso na kisogo — ukitoa bayosi, unatoa na jenereta.

Saa moja na robo. Pikipiki imesimama nje. Dada anamkaribisha mtu. Fundi.

Amefika mapema! Namsikia anavua viatu. Anauliza, haya, mmepata historia ya mgonjwa? Dada anasema, ngoja tumwite mjomba mtu.

Hatua za mpwa kwenye ujia. Naandika ili mkono uwe na kazi.

Amefungua mlango. Macho mekundu. Anauliza, Mjomba, unaandika nini saa hizi?

Nimemjibu: radi.

Amegeuka kutazama dirishani. Mbona anga jeupe, Mjomba? Haya, namfungulia Jumapili, nampa daftari lote.