Mtamba Niliyemshusha kwenye Lori

Ofisi ya Mifugo ya Kata,
Malambo,
kupitia Loliondo.
22 Agosti 1999

Mpendwa mdogo wangu Emmanueli,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Hujambo? Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimepona, au baridi ya Mbeya imekikaribisha tena? Na ile sweta aliyokufumia Mama unaivaa, au unaona haya mbele ya wenzako kwa sababu mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine? Ivae. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa kidole cha mguu ambacho ndama mmoja alikikanyaga na kukigeuza rangi. Nachechemea, lakini kazi inaendelea.

Mama ananiambia kazi ya kupima malori kwenye mizani umeianza vizuri, na kwamba picha yako ya sare ameitundika juu kuliko ya harusi yake na marehemu Baba. Nimefurahi sana. Nimefurahi zaidi kusikia kwamba Cresensia amekubali, ingawa bado sielewi alichokiona kwako. Msichana wa Dongobesh mwenye akili zake timamu! Mungu ambariki kwa uvumilivu atakaouhitaji.

Barua yako niliipokea kwa mkono wa ndugu yetu Josephati, na najua jibu limekufikia kwa midomo ya watu kabla ya hili la kwangu. Baba Mdogo Patrisi ameshatangaza Karatu yote kwamba nimekuwa Mmasai, kwamba kazi ya serikali imenifumba macho nisiwaone ndugu. Kwa hiyo leo Jumapili, baada ya sala, nimekaa nikuandikie mwenyewe, maana ukimsikiliza Josephati peke yake utadhani dada yako amekukana.

Neno lenyewe ulijue mapema: mtamba wa Malambo uliyemngoja kwa mahari yako haji. Haji mwezi huu, wala hatakuja karantini ikiisha. Usiikunje barua, soma mpaka mwisho.

Huyo mtamba unajua nilivyompata, lakini unajua nusu. Mwaka jana, mvua zile za El Niño zilipokuwa zinaishia, ng'ombe wa Mzee Olais alishindwa kuzaa. Mzee Olais ni jirani yangu ng'ambo ya korongo, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Ndama alikuwa amekunja mguu tumboni. Nilihangaika naye hadi jua likakaribia utosini, akatoka hai, na mama yake akasimama. Nilifanya kazi ninayolipwa mshahara, basi.

Baada ya siku chache mzee akaja na mtamba mwekundu mwenye nyota nyeupe pajini. Nikamwambia siwezi kupokea, serikali inanilipa vya kutosha. (Hapo kwenye "vya kutosha" Mungu anisamehe.) Akasema serikali yeye hajaipa kitu, amempa yule aliyeingiza mkono. Nilikataa tena, nikaona uso wake unabadilika. Huku, kumrudishia mtu ng'ombe aliyekupa kwa moyo mweupe ni kumwambia hamjuani tena. Mwisho nikaomba mtamba abaki zizini kwake, achungwe na wenzake. Akaridhika. Tangu siku hiyo hakuniita Bernadina wala Bibi Mifugo. Aliniita Pakiteng, nami nikamwita hivyo hivyo. Ndiyo desturi yao: waliopeana ng'ombe huacha majina na kuitana jina hilo moja, mpaka kufa. Nililipenda. Mtu uko mbali na kwenu, hujui hata neno la "kijiko" kwa Kimaasai, halafu unapita njiani mzee anakuita jina la udugu. Ndiyo maana niliwaandikia nyumbani habari za mtamba kwa furaha, na ninyi mkaanza kumpangia safari.

Sasa sikiliza. Mwezi wa sita homa ya mapafu iliingia. Ng'ombe anakohoa, anakonda, anasimama amenyoosha shingo akitafuta pumzi, kisha anaanguka. Ubaya wake ni kwamba aliye mzima machoni anaweza kukaa nayo wiki nyingi kabla hajakohoa hata mara moja. Karantini ikawekwa: hakuna ng'ombe kutoka Malambo mpaka chanjo ikamilike. Na anayeandika vibali vya kusafirisha mifugo hapa ni mimi.

Wa kwanza kuja kwangu alikuwa Mzee Olais. Kijana wake Moringe, wa umri wako, anaoa huko Enguserosambu. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshatengwa, siku imepangwa, wazee wa kule wanangoja. Mzee alikaa kwenye kigoda changu, hakuzunguka. Akasema, "Pakiteng, hawa hawaendi mnadani. Wanakwenda kwa ndugu."

Nikamwambia haiwezekani. Nikaeleza habari za mapafu, nikaeleza tena, naona maneno yangu yanampita. Hakubishana. Aliinuka, akakung'uta shuka, na alipofika mlangoni akasema, "Sawa, Bibi Mifugo."

Emmanueli, nililia. Sikuficha, niliketi palepale nikalia, kwa jina tu.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuepukwa. Natangaza chanjo, upande wa Mzee Olais hawaleti hata ndama. Maneno yakaanza dukani: Bibi Mifugo anataka chai, akipewa chai ya kutosha ugonjwa utapona siku hiyo hiyo. Wengine wakaapa kwamba ng'ombe wa matajiri wanapita usiku. Nilizunguka boma kwa boma na sanduku langu la barafu, wananipa maziwa, wananiuliza habari za Mama, ng'ombe hawaniletei. Huwezi kugombana na mtu anayekupa maziwa.

Ndipo akaja ndugu yetu Josephati na lori lake.

Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nimetoka kuchanja boma la mbali, narudi saa sita mchana, nikaona lori limeegeshwa madukani, limeshusha unga na soda. Nikafurahi kama mtoto, mtu wa kwetu amefika! Nikakaribia. Juu ya lori, katikati ya kreti tupu za soda, amesimama mtamba mwekundu mwenye nyota nyeupe pajini.

Josephati alikuwa amekwenda asubuhi kwa Mzee Olais akasema, "Dada Bernadina amenituma nimchukue mtamba wake." Mzee hakuuliza lolote. Mwenye mali akituma mtu, unauliza nini? Alimfunga kamba kwa mkono wake, akamleta mwenyewe mpaka kwenye lori, na hapo akabaki. Nilimkuta kasimama na fimbo yake kivulini, Moringe ubavuni, na wanaume wengine nyuma yao. Walikuwa wamekuja kutazama.

Josephati alinivuta pembeni, akanipa barua yako, akanieleza kwamba wakwe wa Dongobesh wameahidiwa mtamba kabla ya mwezi kwisha, na tusipotimiza watasema kwetu ni kwa waongo. Alikuwa amefikiria yote. Niandike kibali chenye tarehe ya mwezi wa tano, kabla karantini haijawekwa, halafu yeye atajua la kusema kwenye geti la ukaguzi njiani. Hata kalamu alikuwa nayo, ameshaitoa mfukoni.

"Dada," akasema, "ni mtamba mmoja. Tena ni wako. Nani atauliza?"

Sitakudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilikufikiria wewe. Nilimfikiria Mama, anavyohesabu siku za harusi hiyo kama anayeolewa ni yeye. Kalamu ile ningeishika, jambo lingekwisha kabla chai haijapoa. Kisha nikainua macho nikamwona Moringe. Mahari yake imelala zizini tangu mwezi wa sita kwa neno langu mimi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Na nikawaza zizi la baba yake Cresensia: mtamba anaingia leo na nyota yake nzuri, kila mtu anamshangilia, na baada ya wiki chache ng'ombe wa kwanza anakohoa. Tungempelekea mkwe msiba ndani ya zawadi.

Nikasema kwa sauti, wasikie wote: "Josephati, mshushe. Ng'ombe wa Moringe hawakutoka, na wa Emmanueli hatatoka."

Alicheka kwanza, alidhani nawatania watu. Aliponiona usoni akakasirika. Akasema nitamwaibisha mdogo wangu kwa wakwe zake, akasema damu ni nzito kuliko maji, akasema mengine ambayo ni ya jua kali, nimeshayasahau. Nilipanda lori mwenyewe na kidole changu kibovu, nikaanza kufungua kamba. Fundo lilikuwa la Mzee Olais, halifunguki. Mara lori likatikisika, kumbe Moringe karuka juu. Alilifungua bila kunitazama. Wakarudisha lori nyuma kwenye tuta, mtamba akashuka. Josephati aliondoka bila kunywa hata maji. Hilo limeniuma, na nikija Karatu nitamfuata nyumbani kwake, maana ndugu ni ndugu.

Mtamba tulimrudisha kwa miguu, mimi na mzee, yeye mbele mimi nyuma. Tulipofika kwenye miiba ya boma akasimama. Akasema, "Mimi nilidhani karantini ni karatasi ya kuuza. Sasa nimejua kuna ugonjwa."

Mdogo wangu, miezi miwili nimeeleza habari za mapafu kwa kila lugha niliyo nayo, pamoja na kukohoa kama ng'ombe mbele ya wazee, na hawakuniamini. Kesho yake asubuhi vumbi lilitanda ng'ambo ya korongo. Walileta ng'ombe wote, Mzee Olais akiwa wa kwanza, na walileta siku zilizofuata mpaka dawa ikaniishia, nikaagiza nyingine.

Nikakaa nikawaza habari za huyo mtamba. Maadamu anaitwa wangu, lori jingine litakuja. Leo ni ndugu yangu, kesho ni mtu mwingine anayejua kwamba Bibi Mifugo hupokea ng'ombe, naye ataleta wa pili, na huyo wa pili hatakuwa wa shukrani. Nikaenda kwa mzee, nikamwomba mtamba tumtoe kwa josho la kijiji, mbele ya mkutano, ili maziwa na ndama wake wasaidie kununua dawa ya kuogesha ng'ombe. Niliogopa kuliko siku ya lori. Alichokonoa meno kwa muda mrefu, mimi natazama vidole vyangu. Mwishowe akasema, "Mtamba aende josho. Jina libaki hapa."

Siku ya pili yake tulipishana kisimani. Akaniita Pakiteng.

Sasa nije kwako. Usidhani nimekuacha mikono mitupu. Pale kwa Mama, Rhotia, yupo Madoa, yule mtamba chotara niliyemnunua akiwa ndama kwa mshahara wangu wa kwanza. Unamkumbuka, alikula shati lako la kipaimara. Huyo ni wangu kweli, hakuna mtu aliyenipa ili anikumbushe. Karatu haina karantini, na bwana mifugo wa huko nimemwomba amkague kama anavyokagua wa mtu yeyote. Kibali akiandike yeye, mimi sitakigusa. Nilikuwa nimemtegemea Madoa kwa maziwa siku nitakapohamishiwa nyumbani, na nisiseme uongo, nampenda. Chukua. Mwambie Baba Mdogo Patrisi ampeleke Dongobesh, na awaeleze wakwe kwa nini tumechelewa, yote, bila kupunguza. Wakisema kwetu ni kwa wagumu, wakubalie. Waongo, wasiseme.

Moringe naye bado anangoja. Mmekuwa maharusi wawili mnaonitazama mimi, na yeye hana dada mwenye Madoa.

Neno moja la mwisho, kisha nikuache ukalale. Wewe sasa ni mtu wa mizani. Siku moja lori litapanda hapo limeinama kwa uzito, na kwenye usukani utaona uso unaoujua. Huenda atakuwa Josephati mwenyewe, amebeba vitunguu vya Baray kuvipeleka mpakani. Atakuchekea, atakuita mdogo wangu, atakuambia ni mara moja tu, na nyuma yake kutakuwa na madereva wengine kwenye foleni, wanatazama. Msalimie kwa heshima, muulize habari za watoto, mkaribishe chai baada ya kazi. Lakini mpime.

Nisalimie Cresensia ukimwandikia, mwambie wifi yake anamngoja kwa hamu. Mama anakusalimu, na shangazi Brigita anauliza kama huko mnapata magadi. Baba Mdogo Patrisi hamsalimu mtu yeyote kwa sasa, ila hasira zake ni za mvua ya vuli, zitakatika. Mzee Olais naye anakusalimu sana. Anasema karibu Malambo pamoja na mkeo, atawachinjia, ila usije na lori.

Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe nyumba yenye amani na watoto wenye akili za mama yao.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokunyima,

Bernadina