Msumari Nisiousikia

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba. Salamu zako zimetufikia hapa Bangwe. Bibi yako yuko Simbo anavuna maharage, ingawa mguu bado unamsumbua.

Unauliza kama kuna ubaya kuweka muziki masikioni ukiwa gereji, maana kelele za wenzako zinakuvuruga. Soga za watu zizibe tu, sikukatazi. Ila injini usiizibe.

Ujanani nilikuwa fundi wa boti. Msumari ukiingia kwenye ubao mzima hutoa mlio mkavu. Ukiingia kwenye ubao uliooza ndani, mlio hufa. Siku moja nilikuwa nagongelea ubao wa chini wa boti ya mdogo wangu Hamisi, na redio pembeni inatangaza mpira. Tulishinda. Nikamkabidhi boti yake huku nacheka.

Hamisi hakurudi. Mawimbi yalirudisha boti, ubao wa chini umeng'oka, na pale penye misumari yangu pameoza. Mengine sitaki kuyaandika.

Watu walililaumu ziwa, nami nikanyamaza hadi leo ninapokuandikia wewe. Ubao ulisema, Zawadi. Mimi nilikuwa nasikiliza mpira.

Babu yako