Mama, Uliyemkuza Mtoto wa Siku Tisa

Mama, leo umetimia mwaka mmoja tangu ututoke, ukiwa na miaka sabini na miwili na miezi miwili. Tunaziandika namba hizi kwa sababu ulichukia matangazo yanayosema "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Uliugua miezi kumi na sita. Ulikuwa ugonjwa wa moyo.

Kwa miaka thelathini na mmoja ulikuwa karani katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Waliozaliwa waliandikishwa dirisha la kushoto, waliokufa dirisha la kulia, nawe ulikaa katikati, kwenye kiti cha ofisi kilichoteleza kwa magurudumu kutoka dirisha hadi dirisha. Ulituambia kwamba riwaya zako tano za kwanza zilianzia kwenye kiti hicho. Mtu anakuja kuandikisha mtoto, unamuuliza jina, anasita, na katika kule kusita unauona ukoo mzima. Wenye haraka walilalamika. "Mama, wewe andika lolote tu," mmoja alikwambia. Ukamjibu, "Lolote si jina, bwana. Kaa hapo ufikiri, mimi sina pa kwenda."

Nyumbani uliandikia kwenye meza ya kulia chakula. Haikuwatosha watu wawili wenye kazi, lakini mlikuwa wawili: wewe upande wa dirishani na karatasi zako, Baba upande wa pili na saa za watu alizokuwa akizitengeneza, na sisi katikati na sahani zetu. Kukohoa kulikatazwa. "Atakayekohoa," Baba alisema bila kuinua macho, "ndiye atakayenitafutia hiyo skrubu." Hapo ndipo ulipoipata nyumba ya kitabu chako cha sita, ambamo meza hurefuka kwa kiti kimoja kila anapozaliwa mtu, haifupiki mtu anapoondoka, na hakuna anayeshangaa.

Ulikuwa na sheria ambayo wageni walidhani ni mzaha. Kila uliyemtia kitabuni ulimsomea sura zake Jumapili mchana, naye alikuwa na haki ya kufuta jambo moja. Moja tu, kwa maisha yake yote, bila kutoa sababu. Na aliyefuta ndiye aliyechana karatasi, kwa mikono yake, mbele yako. Uliandika kwa kalamu na hukuweka nakala. Ulisema nakala ni ujanja.

Kitinda mimba wako alifuta kukojoa kitandani. Mjomba, kaka yako, alifuta upara wake. Ukamtii, ukamvika kofia kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hata akiwa bafuni.

"Dada, bora ungeniachia upara wangu."

"Umeshafuta, kaka. Haki yako imekwisha."

Baba peke yake hakufuta kitu. "Nyinyi futeni tu," alisema. "Yangu ipo, na ninajua ilipo."

Mimi, mwanao wa kwanza, niliitumia haki yangu miaka saba kabla hujafa. Katika kitabu hicho cha sita ulikuwa umemrudisha mtoto wako wa pili, yule aliyeishi siku tisa. Hukumrudisha kama kivuli. Alikuwa na kiti chake mezani, aling'oka meno, alikua, aligombana nami kwa sababu ya kitana. Nilikuwa na miaka minane alipozaliwa, na nilimpakata mara nne. Sasa mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto, na kazi yangu ni kuwapima waliopo. Nikakwambia, "Mfute, Mama. Huyu hakukaa mezani."

"Haki ni moja tu. Una hakika unaitumia kwake?"

"Nina hakika."

Ukanisogezea karatasi. Zilikuwa mia moja tisini na mbili. Nilichana mchana kutwa, nawe ulikaa pale pale, kama sheria ilivyotaka.

Uliendelea na kitabu kwa zaidi ya miaka mitano, lakini hakikuzidi kurasa mia moja na kumi. Mjomba alipokuuliza kimefikia wapi, ulisema, "Kinapumua, ila hakiamki." Mimi hukunilaumu. Nimejaribu kukumbuka hata jicho moja baya, na sijalipata.

Daktari alipotaja moyo, alitaja na miezi. Jumapili iliyofuata Baba aliweka kibano chake chini.

"Leo ninaitaka haki yangu."

"Lakini wewe sijakuandika vibaya," ulisema.

"Si kwa ajili yangu." Akaninyooshea kidole. "Ninafuta kule kufuta kwake."

Mjomba akasema hilo halimo katika sheria. Baba akamwambia avue kofia kwanza ndipo azungumze. Ulicheka mpaka tukauogopea moyo wako. Kisha ukanigeukia. Karatasi hazikuwepo tena, na mkono wako ulikuwa ukitetemeka, hukuweza kushika kalamu.

"Lete kalamu. Utaandika wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Si ndiwe uliyechana?"

Ukaanza kunisomea yaliyokuwa kichwani mwako, sura baada ya sura, mto ukiwa mgongoni. Hatukujua kama tungewahi. Zilikuwepo wiki za kurasa ishirini, na ilikuwepo wiki ya sentensi mbili, na wiki hiyo Baba hakugusa saa hata moja. Sura ya mwisho uliimaliza siku kumi na moja kabla ya kuondoka. Ulisema, "Basi," ukaomba chai.

Sasa tukwambie jambo ambalo hukulijua.

Mhariri wako alitaka mtu akague umri na tarehe kabla kitabu hakijachapwa. Nilikagua mimi. Nilichukua kadi tupu ya kliniki, ile tunayowapa akina mama, nikaijaza kwa yaliyomo kitabuni tu: uzito, meno, kutambaa, hatua za kwanza. Nilikuwa nikitafuta kosa. Ndiyo kazi yangu, na ni nadra kushika kadi isiyo na kosa.

Mstari wa uzito unapanda vizuri hadi mwezi wa kumi na tatu, kisha unashuka. Nikadhani nimekukamata. Ndipo nikaona kwamba sura sita mbele, katika sentensi moja uliyoisema huku umefumba macho, mtoto huyo anatajwa kuwa aliugua surua. Aliugua mwezi wa kumi na tatu. Baada ya hapo mstari unapanda tena, kwa kasi ile ile ya mtoto aliyepona.

Hukusomea uuguzi. Hukuwa na daftari la kumbukumbu, na karatasi nilizichana mimi. Ulimkuza kichwani kwa miaka arobaini na mmoja bila kumkosea hata mwezi mmoja. Nilimwonyesha Baba kadi hiyo. Aliiangalia kwa lenzi yake ya kazini, mstari mzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, akanirudishia.

Kitabu kilitoka mwezi uliopita, kama ulivyokisema. Sikubadilisha neno.

Nimefanya kazi ya kliniki kwa miaka ishirini na sita. Kadi za watoto walio hai huwa na mapengo: mvua ilinyesha, mama alibanwa na kazi, foleni ilikuwa ndefu. Yake haina pengo hata moja.

Unakumbukwa na mume wako, kaka yako, mwanao wa kwanza, kitinda mimba wako na mkewe, wajukuu wako watatu, na wenzako wa ofisi ya usajili.

Tutakukumbuka, Mama, maadamu tupo.