Barafu Kavu ya Binti Yako

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Goti limepoa? Sisi huku wazima, isipokuwa mimi, na ugonjwa wangu hautibiki hospitali.

Ulipomleta binti yako afundishe sayansi kwenye shule yetu, uliniomba nimlee kama mwanangu. Wiki ya pili tu wanafunzi wakanijia, kwa adabu ya kuudhi, wakasema nyota yenye mkia, kometi kwa jina lao jipya, si moto kama nilivyowafundisha. Ati ni barafu, vumbi na gesi zilizoganda, na mkia ni mvuke unaotoka ikilikaribia jua. Nikauliza nani kasema. Wakajibu: Mwalimu Kometi. Tayari wamempa jina la sifa. Langu, nasikia, ni Redio Mbovu.

Unanijua, hata msibani nabishana. Nikaenda maktaba kutafuta silaha, na kila kitabu kikamuunga mkono yeye. Hapo wivu ukanishika.

Ijumaa wakaguzi walikuja kuamua kama athibitishwe kazini. Alipanga kuunda kometi ndani ya karai mbele yao, kwa maji, mchanga, vumbi la mkaa na barafu kavu, ile isiyoyeyuka kuwa maji bali hugeuka moshi ikapotea. Fundi wa kiwanda cha barafu aliileta Alhamisi mchana, ndani ya kasha. Ijumaa kasha likafunguliwa: tupu, hata unyevu hakuna. Binti yako akabaki anakoroga tope. Mkaguzi mmoja akauliza kama hilo ni somo la ufinyanzi, darasa likaangua kicheko.

Anaamini fundi alimuuzia kasha tupu. Fundi anaapa kwa watoto wake. Na mwanao ananiletea mimi chai na kunipa pole, akisema hakuna aliyeumia kwa ajili yake kama mjomba.

Dada, fundi hana kosa. Mimi ndiye niliyeimwaga ile barafu juani nyuma ya maabara. Nilijua haitaacha ushahidi; nilikuwa nimesoma vitabu vyote. Upepo ukauvuta moshi wake, mkia mrefu mweupe, nami nikatamani kumwita mtu aje aone.

Wakaguzi nimewaandikia asubuhi hii, wamrudie. Fundi nimemwomba radhi. Mwanao nitamwambia leo, kabla sijagusa chai yake. Wakaguzi watanifukuza, basi. Wewe ndiye ninayekuogopa.

Msalimie shemeji, na watoto wote waliobaki nyumbani.

Ni mimi mdogo wako, kama bado wanikubali.