Shemeji Kasema Nisafiri

Jumatatu, 3 Machi

Juzi ilitangazwa rasmi: mimi ndiye mgombea ubunge wa chama. Mwenyekiti aliushika mkono wangu akauinua juu, ukumbi ukalipuka kwa makofi, nami nikachekacheka kama bwana harusi. Sijui kama aliusikia mkono wangu ulivyolowa jasho.

Leo nimekwenda mahakamani kama kawaida. Mawakili wenzangu — wale tunaokunywa nao chai, wanaonitania kwamba nina kesi mia na koti moja — wamenisalimia kwa ncha za vidole. Mmoja kanipongeza huku anatazama saa. Mwingine kajifanya anaongea na simu. Kioo cha simu kilikuwa cheusi tii, nimekiona!

Miaka yote hii nawaambia wateja wangu: usiogope, sheria iko upande wako. Nimewaambia wanawake waliobomolewa nyumba, nimewaambia vijana waliotoka mahabusu nyuso zimevimba. Nilikuwa nalisema vizuri, kwa sauti nene. Leo nimejaribu kujiambia mwenyewe mbele ya kioo cha choo cha mahakama. Haikuingia.

Tukiwa mezani mke wangu kaniuliza siku ilikuwaje. Nzuri, nikasema. Yeye ni mkunga. Kila siku anawaona watu wanaosema hawaumwi. Kaniongezea mchuzi, basi.

Jumatano, 5 Machi

Kuna gari jeupe chini ya ofisi yangu, mbele ya duka la fotokopi. Vioo vyeusi. Karani wangu — mama mtu mzima, ananifokea kuliko mwenye nyumba — kasema labda wanangoja fotokopi.

Tangu asubuhi?

Labda ni kitabu kinene, kasema.

Tumecheka. Halafu akainuka, akafunga pazia.

Ijumaa, 7 Machi

Karani kanipigia simu sijamaliza kunyoa. Njoo, usiulize. Nimekwenda na povu sikioni.

Kitasa kizima. Komeo zima. Kompyuta ipo, printa ipo. Hakuna kilichoibiwa hata pini. Lakini ofisi imepangwa! Mafaili yaliyokuwa yamerundikana sakafuni yako rafuni, migongo nje, yamenyooka kama askari kwenye gwaride. Vikombe vimeoshwa. Kiti changu kimesukumwa ndani ya meza, kama kiti cha mtu aliyehama.

“Sasa polisi tukawaambie nini?” karani kaniuliza. “Kwamba tumefanyiwa usafi?”

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Kicheko kikaisha, machozi hayakuisha. Karani akageuka ukutani, akawa anatafuta kalamu ambayo iko kwenye nywele zake.

Faili moja tu hawakulipanga. Wameliacha katikati ya meza, limefunguliwa. La fundi uashi.

Alichukuliwa kazini, saruji bado imemganda mikononi, kwa sababu aliwahutubia watu siku nyumba zao zilipobomolewa. Nikaenda kortini. Jaji akaamuru aletwe. Akaamuru tena. Akaamuru kwa ukali. Hakuletwa. Kesi ile niliishinda — hukumu ninayo, ina mhuri — na mtu mwenyewe sijamtia machoni hadi leo. Wiki ile ndipo nilipomkubalia Mwenyekiti kugombea. Niliona kama hukumu haifungui mlango, niende kwa wanaoshika funguo.

Nilikuwa jasiri sana wiki ile. Sijui ujasiri ule nimeuacha wapi.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja.

Ni kaka wa mke wangu. Ofisa wa polisi — mkubwa kiasi cha kuendeshwa, mdogo kiasi cha kutumwa. Jumapili zote huingia kwa kelele, wanangu wanamrukia shingoni, mjomba, mjomba, nyumba nzima inatikisika kwa kicheko chake. Leo kapiga hodi. Shemeji kupiga hodi kwetu!

Akaniita nyuma ya nyumba, pale penye tangi la maji, pampu ya jirani inanguruma hata humsikii mtu aliye karibu yako. Akasogeza mdomo sikioni.

“Shemeji, safiri.”

“Niende wapi?”

“Popote, ila pawe ng'ambo ya mpaka. Jumatano ya tarehe kumi na tisa ikipita, rudi.”

Tarehe kumi na tisa ndiyo siku ya kurudisha fomu za ugombea. Ni lazima mgombea afike mwenyewe, kwa miguu yake. Asiyefika si mgombea. Sasa huyu ananiokoa au ananiondoa?

Nikamuuliza: “Umetumwa?”

Kanitazama muda mrefu. Macho mekundu, ya mtu asiyelala.

“Mimi kila siku natumwa, shemeji. Leo nimejituma.” Akatazama getini. “Na hata kama nimetumwa — safiri.”

Alikula na watoto, akaondoka bila utani hata mmoja. Mke wangu akaniuliza mlikuwa mnanong'ona nini. Nikamwambia yote, neno kwa neno, kama naandikisha maelezo. Akaendelea kuosha sahani. Ile ya mwisho aliiosha mara mbili.

“Ni kaka yangu,” akasema. “Kanibeba mgongoni nikiwa sijui kutembea. Nitakwambiaje usimwamini?”

Nikamuuliza: kwa hiyo nimwamini?

“Sikusema hivyo.”

Jumatatu, 10 Machi

Mama wa fundi uashi huja ofisini kila Jumatatu. Hana la kuuliza tena. Anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, anakunywa chai ya karani, anaaga, anakwenda zake. Leo kabla ya kuaga akaja mezani kwangu.

Akasema amesikia mitaani wananitafuta.

Nikasema ni maneno ya watu tu, mama.

“Hata mwanangu ilikuwa maneno ya watu.” Alikuwa anakunja khanga yake upindoni, anaikunjua. “Na wewe wakikuchukua, mimi Jumatatu nitakwenda kukaa kwa nani?”

Nikamsindikiza hadi ngazini. Gari jeupe lilikuwepo. Mama kalipita karibu kabisa, akainama, akachungulia kioo cheusi kama mtu anayetafuta sindano. Kioo hakikushuka.

Jumanne, 11 Machi

Binti yangu, yuko sekondari, kaniuliza kama anaweza kutumia jina la ukoo wa mama yake shuleni. Kwa muda tu, baba.

Nimesema ndiyo. Nimesema haraka mno, hata yeye kashtuka.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna kitu leo. Hakuna gari. Hakuna simu. Ni mbaya zaidi.

Kila pikipiki ikipunguza mwendo nje, natega sikio. Mke wangu kadondosha mfuniko wa sufuria jikoni, mimi nikajikuta nimechuchumaa nyuma ya kochi. Mwanangu wa mwisho kaona. Kafikiri ni mchezo, akaja kujificha na mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Mkutano. Kibali walitupa, jana wakakifuta, watu wakaja hivyo hivyo. Uwanja wa mpira umejaa hadi nje ya magoli.

Nimepanda juu ya pikapu, spika mbili, kipaza sauti kinanguruma. Nikajiegemeza kwenye fremu ya chuma ili watu wasione woga wangu. Na polisi mbele yangu — mstari mrefu, kofia, ngao, virungu. Nikamtambua mmoja pembeni. Namna anavyosimama, uzito wote mguu wa kushoto. Nimemwona amesimama hivyo kwenye harusi yangu. Shemeji. Kaniona. Kashusha kioo cha kofia.

Nikasema nilichokuja kusema. Nikamtaja fundi uashi kwa jina lake kamili, la baba na la babu. Nikauliza yuko wapi. Nikauliza tena. Umati ukaanza kuuliza nami — yuko wapi! yuko wapi! — na kwa kitambo kidogo, naapa, woga ulinitoka. Nilijisikia mrefu.

Halafu moshi.

Mkono ulinishika mkanda kwa nyuma, ukanivuta nikaanguka chini ya pikapu kama gunia. Hapo hapo bomu la machozi likapiga pale nilipokuwa nimesimama, likatoboa spika. Sikuona uso. Niliona glovu nyeusi. Lakini wote wana glovu nyeusi.

Nimefika nyumbani natapika. Mke wangu kanimwagia maji machoni, kanishika kichwa. Nikamwambia labda kaka yako kaniokoa. Akasema labda. Nikamwambia labda alikuwa ananikamata, nikamponyoka. Akasema labda.

Jumapili, 16 Machi

Wamemchukua Mwenyekiti. Alikuwa duka la dawa, ananunua vidonge vyake vya presha. Muuza dawa kasema walikuja watu wenye adabu sana, hata walimngoja achukue chenji.

Nimezunguka vituo vya polisi na karani wangu. Kaunta ni zile zile, madaftari yale yale, jibu lile lile: hatuna mtu huyo hapa. Nimelisikia jibu hilo nusu ya maisha yangu. Huwa nalijibu kwa vifungu vya sheria, mezani nagonga kwa kidole. Leo nimesema asante. Asante! Karani kaniangalia kama mtu asiyenijua. Akasogea mbele yangu, akamwambia yule koplo: kijana, andika kwamba tumefika, na uandike umetujibu nini, na sisi tunasubiri hapa unapoandika. Kaandika.

Tukiwa nje kaniambia: wewe nenda ukalale. Kesho mimi napeleka maombi mahakamani, wewe utatia sahihi tu.

Nataka kukimbia. Niandike hapa, maana hapa hakuna mpiga kura. Nimeshauliza mabasi ya kwenda mpakani. Nimeuliza kwa sauti ya kubadilisha, kama mtoto anayepiga simu za mchezo. Ninajua yanaondokea wapi na yanasimama wapi. Kwa mchana mzima nimekuwa naona sura yangu kwenye kiti cha dirishani, miti inarudi nyuma, na raha niliyoisikia! Raha ya aibu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia mke wangu kuhusu mabasi.

Hakukasirika. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi. Kaniuliza kama nikienda nitarudi. Nikasema bila shaka. Akauliza: wenzako waliokwenda wamerudi? Kaizima pasi.

“Mimi sikwambii uende, sikwambii ubaki. Nikikwambia uende, utanichukia uzeeni. Nikikwambia ubaki, nitajichukia mimi kesho.” Halafu: “Nataka tu kujua nikupigie pasi nguo zipi.”

Mama wa fundi alikuja leo, karani kanieleza. Mimi sikwenda ofisini. Kakaa, kakunywa chai, kaacha kiti kimeelekea mlangoni.

Jumanne, 18 Machi

Asubuhi. Naandikia kitandani, ukingoni, mlango wa chumba nimeurudishia. Mwandiko huu sijui kama nitausoma.

Shemeji yuko sebuleni. Kaja na gari lake mwenyewe, hana dereva, hana wenzake. Lakini kavaa sare. Watoto wamekwisha kwenda shule, nadhani alingoja waende. Hakukaa.

“Panda, nikupeleke mwenyewe,” kasema. “Wenzangu wako njiani, na wao hawakujui.”

“Unipeleke wapi?”

“Panda, shemeji. Tutaongea ndani ya gari.”

Nikasema basi nivae kwanza. Niko na kaptula na fulana, kama mtu aliyetolewa kisimani. Kasema fanya haraka.

Kesho ndiyo fomu. Ziko kwa karani, ziko tayari, zinanisubiri mimi tu. Ukitoka getini kwetu, barabara ya kushoto ni ya mpakani, ya kulia ni ya kituoni. Ni hivyo tu. Nitajua akishakata kona. Nifungue dirisha nitoke nyuma? Kuna nondo, nilizitia mwenyewe mwaka jana, kwa ajili ya usalama!

Nimempigia karani. Nimemwambia nachukuliwa na shemeji yangu, saa hii, sijui wapi. Hakulia. Kauliza namba ya gari. Kauliza nimevaa nini. Nikasema bado sijavaa. Kasema basi vaa, wakili, nitaandika baadaye.

Nawasikia. Mke wangu kamwuliza kaka yake anampeleka wapi mumewe. Kasema dada, usiniulize. Mke wangu kasema nimekwisha kukuuliza. Kijiko kinazunguka kwenye kikombe, kinazunguka, sukari imekwisha kuyeyuka zamani. Sasa kamwuliza jambo jingine, kwa sauti ya chini, silisikii. Na kaka yake hajibu. Au kajibu kwa kichwa.

Kuna gari linapunguza mwendo nje. Limepita. Hapana — limesimama mbele kidogo.

Mke wangu kaingia. Kabeba suruali yangu ya lastiki kiunoni na vile viatu vyeusi vya kutumbukiza, visivyo na kamba. Kituoni mtu hunyang'anywa kamba na mkanda kabla ya kufungiwa mahabusu. Wateja wangu wote walikuwa wanakuja kortini wameshikilia suruali kwa mkono. Mimi sikuwahi kumwambia jambo hilo. Raba zangu za safari ziko pale pale kabatini, chini kabisa. Kazipita.

Sijui kama kamsoma kaka yake, au kanisoma mimi.

Kapiga magoti, ananivalisha. Mguu unatetemeka. Kaushika kwa mikono yote miwili, na bado unatetemeka.