Chumba cha Orofani Kivinje, na Shemeji Asiyejua

Kwako mshauri wetu. Baada ya salamu, naomba kwanza radhi kwa kunyamaza muda mrefu. Uliponijibu kuhusu mirathi ya shamba sikukushukuru, na sasa naona haya kurudi kwako na shida mpya, tena shida ya furaha.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mwenye mvi, na kwa miaka mingi nimewakaripia watoto kwa kucheka ovyo, lakini tangu mwezi uliopita ninacheka peke yangu njiani, kwa sababu mimi na mke wangu Kazija tutapanda meli Kilwa Kivinje, twende Dari Salama, Unguja na Tanga, kisha turudi kwa meli hiyohiyo, na hatuendi mazikoni, wala arusini, wala kwenye kesi, bali tunakwenda kutembea tu. Hapa Kipatimu hakuna anayeamini. Jirani yangu Nassibu amekuja kunipa pole, na nilipomwambia kwamba hakuna aliyekufa, akaniambia nisimfiche, yeye yuko tayari kuchanga.

Meli haina siku ya hakika, kwa hiyo imetupasa kufika Kivinje mapema na kuingoja, na katika kungoja huko ndiko iliko furaha yenyewe, maana yuko Mhindi mmoja muuza nguo mwenye vyumba orofani karibu na forodha, naye huvikodisha kwa wasafiri, kila kimoja kina kitanda cha chuma, chandarua na dirisha la kuelekea bahari, na asubuhi chai huletwa chumbani na mtu mwingine. Habari za chai hiyo Kazija humsimulia kila anayepita. Nimekwisha kupanga kila kitu: tutakodi mashua twende Kisiwani tukauone msikiti mkuu na jumba la wafalme lililobomoka, tutazunguka sokoni bila kununua chochote, na boma la Wadachi tutalitazama kwa nje, kwa kuwa kwa ndani nimekwisha kuliona.

Sasa shida yenyewe. Mjini humohumo anakaa shemeji yangu Dadi, kaka yake Kazija. Wakati wa vita vya Majimaji, nyumba yetu ilipochomwa, yeye ndiye aliyetufungulia mlango, akatulisha mpaka njaa ikaisha, akala yeye mara moja ili sisi tule mara mbili, wala hajalitaja jambo hilo hata leo. Mtu huyo hawezi kusikia kwamba tumelala kwa Mhindi. Lakini nyumbani kwake mgeni hatoki. Mwaka jana tulifikia kwake kwa safari hiihii, na kama wasemavyo, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: siku ya tatu Kazija alikuwa jikoni akitwanga na wifi yake, mimi nikawa nasomesha watoto wa nyumba ile na wa majirani, na mji hatukuuona. Ikafika siku ya meli. Meli hutia nanga mbali, na abiria hupelekwa kwa mashua wakati maji yamejaa, kwa sababu yakitoka pwani yote ni tope. Dadi anayajua hayo, lakini kwake mgeni haagwi kwa tumbo tupu, akachinja mbuzi, tukangoja wali, tukangoja dua, tukairudia dua kwa kuwa mjomba wao alichelewa, na tulipokuwa tukinawa mikono tukasikia honi. Tulikimbia hadi ufukweni tukakuta tope. Dadi akasimama kando yangu akaitazama meli ikienda, akasema, "Ni heri, shemeji. Nyama imebaki nyingi."

Mwaka huu Kazija anataka kwa Mhindi, na amesema neno lililonikaa moyoni: "Baba Sada, tangu niolewe sijawahi kuwa mgeni mahali popote." Nimemkubalia. Basi tumeshauriana tuingie Kivinje jioni, yeye akiwa amejifunika uso, mimi nimefunga kilemba cha Kishihiri kama Mwarabu mgeni na kujifanya sijui Kiswahili vizuri, tupande orofani, na Kisiwani twende alfajiri kabla watu hawajaamka. Mwendo wa Kishihiri nimeufanyia mazoezi hapa uani, na Kazija alicheka hata akakaa chini. Lakini kila nikimfikiria Dadi akiambiwa sokoni kwamba tulilala karibu na mlango wake tukampita, furaha yote hunitoka. Je, tujifiche, au tufikie kwake tuikose meli tena? Nikikata shauri nitakuandikia, na safari hii sitanyamaza.

Wako, Abdurahmani bin Kibwana, Kipatimu.

JIBU

Mzee wangu Abdurahmani, nimecheka, kisha nimekasirika. Mwalimu mzima unajifunza kutembea uani kwako? Kivinje mtu akipiga chafya sokoni, msikitini wanamwombea afya. Utatambuliwa kabla hujamaliza ngazi za Mhindi, na atakayekutambua ni mtoto uliyemsomesha mwaka jana, akuamkie shikamoo mbele ya watu wote.

Mke wako hana kosa. Chai yake anaistahili, usimnyime kwa kuuogopa wali wa kaka yake. Wala usidhani kwamba kitanda cha chuma ndicho kitakachomuumiza Dadi. Kitakachomuumiza ni kile kilemba. Aliyekufungulia mlango katika njaa, ukimpita kwa kujificha, umemwambia kwamba mlango wake unakutia aibu.

Tena nikuulize. Mmekula kwake wakati wa njaa, mmekula na mbuzi wake. Yeye amekula kwenu lini? Huyo anayewafungia wageni ndani, nani aliyewahi kumkaribisha?

Basi fikieni kwa Dadi, mchana, uso wazi, mlale usiku mmoja. Karamu ya kuagana na iwe usiku huo. Mbuzi achinjwe, dua isomwe, na mjomba angojwe hata alfajiri akipenda. Asubuhi mhamie kwa Mhindi, na umwambie atayarishe vyumba viwili. Kisiwani mwende wanne, na huyo wifi asishike mwiko hata mara moja. Siku ya meli mwombe Dadi awaingize mashuani kwa mkono wake mwenyewe. Akiwa mbali na jiko lake hatawachelewesha.

Usimtume mtu kumpa habari hizi, wala usimwandikie. Keti naye, Kazija awe kando yako, useme: "Shemeji, ulitupokea tulipokuwa hatuna pa kulala. Sasa tuna chumba chenye dirisha la bahari. Njoo na mkeo, muwe wageni wetu."

Kisha unyamaze, umwache ajibu, na Kazija asiinuke kwenda jikoni.